Ngozi ya Babu Yake Habuba

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwa fundi wa ngoma, kwa sababu shuleni kwao waliambiwa waje na ngoma ndogo za kuchezea siku ya wazazi. Fundi alikuwa amelowesha ngozi ya mbuzi kwenye beseni la plastiki. Alipoiinua, maji yakichuruzika, harufu yake ikanipiga puani. Ilikuwa harufu ya unyevu na ya mnyama, yenye uchachu kidogo, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Binti yangu akaziba pua. Mimi nikasogea karibu. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimekaa kwenye kigoda mlangoni petu Sarang'ombe, mtaani Kibera, nikimlinda mgonjwa.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba sita vya udongo na mabati, vitatu vikitazamana na vitatu, na katikati kijia chembamba ambapo mtu akifua nguo wote mlilowa. Mwenye ploti alikuwa mama mzee wa Kinubi, mnene, mwenye sauti nzito, aliyependa mafuta ya karafuu na kugombana na kuku. Wajukuu zake walimwita Habuba, ambalo ndilo neno lao la nyanya, nasi watoto wa wapangaji tukamwita hivyo hivyo. Baba yangu alikuwa na kibanda kando ya njia, akijalidi Biblia na vitabu vya nyimbo vilivyoachana kurasa. Mama aliuza sukuma wiki upande wa Silanga. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Akinyi, mjane wa Kijaluo kutoka ziwani, aliyekaanga samaki na ambaye binti yake Akinyi tulilingana naye kila kitu, hata saizi ya viatu.

Habuba alikuwa na mkebe wa bati uliokaa juu ya kabati lake. Siku moja, nikimsaidia kupanga vikombe, nilimuuliza ndani mna nini. Akaushusha, akaufungua, akanionyesha kitu kilichokunjwa kama mkeka mdogo, rangi ya chai ya maziwa, kimejaa maandishi meusi yaliyopinda.

"Hii ni ngozi ya babu yangu," akasema. "Alikuwa askari. Aliniachia hii tu."

Nilisimama na kikombe mkononi. Nilitazama vizuri nikaona vitundu vidogo vidogo vya vinyweleo, sawa na vile vilivyo mkononi mwa mtu, na mshipa mwembamba uliopita pembeni. Sikuuliza tena. Niliamini kabisa kwamba babu yake Habuba alipokufa, watu wake walimpenda sana wasitake kumzika wote, wakabakiza ngozi ya mgongo na kumwandika juu yake. Jambo hilo halikunitisha. Nilichofikiri ni kwamba sisi Wakamba hatukumjali babu yetu vya kutosha, tulimfukia chini akaisha.

Wakubwa nao walikuwa na imani yao kuhusu ile ngozi. Habuba hakujua kusoma maandishi yale, marehemu mumewe pia hakujua, wala hakuwahi kumpa mtu mwingine ayasome, lakini kila mtu kwenye ploti alijua ni hati ya shamba, kwamba babu alipewa ardhi ile na serikali ya wazungu kwa kuwapigania. Kila alipotishwa kwamba Wanubi watahamishwa, Habuba alisema, "Waje. Niko na ngozi."

Watu wa rika langu mnaijua miezi ile bila mimi kuitaja. Mnakumbuka mlikuwa wapi matokeo ya uchaguzi yaliposomwa, na ukimya mfupi uliofuata kabla kelele hazijaanza. Sisi tulikuwa chini ya meza. Siku ya pili moto ulishika vibanda vya nyuma yetu, ukala ukuta wa chumba cha Habuba. Wanaume wa ploti walipanga mstari wa ndoo, Baba na kaka yake Mama Akinyi wakiwa mbele kabisa, wakamwaga maji ya mtaro na ya kufulia na hata ya kupikia. Chumba kikapona nusu. Kabati likaanguka, mkebe ukafunguka, na ngozi ikalala kwenye tope la majivu.

Habuba alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Aliifuta kwa leso, akaianika juu ya bati lililokuwa bado na joto, katika jua la saa saba. Alipoirudia ilikuwa imejikunja na kuwa ngumu kama ganda la muhogo. Aliileta kwetu ameifunika na ukaya wake, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akizungumza bila sauti.

"Fundi, nimeiharibu. Niliona imelowa, nikaianika. Jua imeikunja hivi."

Baba aliishika kwa ncha za vidole, akainusa, akaielekeza kwenye mwanga. Zamani, kabla sijazaliwa, alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji, na huko msimamizi mmoja mzee alimfundisha kutengeneza vitabu vya ngozi vya makanisa.

"Mama, ngozi ya maandishi haianikwi kama nguo," akasema polepole. "Ikipata moto inajivuta. Ukiifungua sasa kwa nguvu itavunjika vipande."

"Itapona?"

Baba aliigeuza upande wa pili. "Ikipewa muda itapona. Lakini ni wiki, si siku. Na hakuna mtu kuiharakisha."

Neno lile, itapona, ndilo lililonimaliza. Sasa nilijua kwamba Baba ni daktari na babu ni mgonjwa.

Tiba yake ilikuwa hivi. Baba alichukua beseni letu la kufulia, akatandika chini kitambaa kilicholowa. Juu yake akaweka wavu wa waya, na juu ya wavu akailaza ngozi bila kuigusisha maji. Kisha akafunika yote na karatasi ya nailoni. Mvuke wa kile kitambaa ungeingia kwenye ngozi kidogo kidogo hadi ilegee yenyewe. Alinieleza kwamba wino ulikuwa umekauka na kupasuka, umeshikilia kwa kucha tu, na tone moja la maji lingeubeba. Nafikiri alinieleza. Nakumbuka mdomo wake ukisema, na mimi nikiitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye nailoni iliyopata ukungu kwa ndani, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Shule zilikuwa zimefungwa. Soko la Mama lilikuwa limechomwa, kwa hiyo alienda kutafuta mboga mbali na kurudi na kidogo. Baba alishinda akizungukia wateja aliokuwa na vitabu vyao. Kazi ya kukaa na beseni ikawa yangu. Nilimsalimia babu kila asubuhi, nikimnong'oneza kwa lugha yetu ya mtaani, "Niaje babu," kisha nikajirekebisha kwa sababu ni mzee, "Habari ya asubuhi babu." Nilimsimulia nani amehama na nani amerudi. Siku ya nne alikuwa amelegea nusu, ametandaza bega moja, nikaona mistari ya maandishi ikitokea kama mtu anayefumbua macho. Baba alifurahi. Alimwambia Mama, "Bado iko na kiu upande huu, lakini inakuja."

Iko na kiu. Nilisubiri atoke. Nikachovya ncha ya leso kwenye kikombe cha maji ya kunywa, maji tuliyoyahesabu kwa kikombe wakati ule kwa kuwa mifereji ilikuwa imekatwa, nikatoa sehemu yangu mwenyewe. Nikainua nailoni na kumpangusa babu pale palipokuwa pakavu, taratibu, kama Mama alivyonipangusa midomo nilipougua malaria. Leso ikarudi na rangi ya kahawia. Nilidhani ni uchafu wa moto. Nikaridhika sana.

Jioni Baba alipatazama pale kwa muda mrefu. "Maji ya kuzima moto yalifika mpaka hapa," akasema, na kutikisa kichwa. Sikuelewa anasikitikia nini.

Ngozi ilipolegea yote, Baba aliihamishia kwenye ubao. Alizungushia misumari pembeni, akaibana ngozi kwa vibanio vya nguo vilivyowekewa vipande vya blanketi ili visiume, na kila kibanio akakifunga uzi hadi kwenye msumari. Kila asubuhi aliukaza uzi mmoja kidogo, halafu ule wa upande wa pili, ngozi ikinyooka huku ikikauka. Palipopasuka alihitaji utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe, ule unaopitisha mwanga, na bucha zote zilikuwa zimefungwa. Mama Akinyi ndiye aliyeupata, hatukujua wapi. Aliuleta ndani ya sufuria ya samaki, akisema, "Fundi, usiniulize. Shona mzee."

Kisha mambo yakatugeukia sisi. Mwanzoni Wakamba hatukuwa upande wowote, tulipita katikati kama maji. Lakini mtu wa kwetu alipopewa cheo katika serikali ile mpya, vijana waliokuwa wakinunua sukuma kwa Mama wakaanza kumwita msaliti. Asubuhi moja tulikuta karatasi mlangoni. Baba aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akamwambia Mama, "Leo."

Tungeenda Kawangware, kwa dada yake Mama. Habuba alikuja akatukuta tunafunga magodoro.

"Acha hiyo ngozi, Fundi," akasema. "Okoa mtoto."

"Mama, ikitolewa kwa ubao sasa itajikunja tena, na safari hii haitafunguka. Hapa nikiiacha nani ataivuta?"

Mama Akinyi alikuwa amefika mlangoni. Ni yeye aliyejibu. "Mimi nitabeba ubao. Mimi watanipitisha. Nyinyi zungukeni njia ya juu, tukutane Ngong Road." Kisha akanitazama nilivyoshika ncha ya ubao kama mtu anayeshika jeneza. "Na huyu atapita kama wangu. Si ni rika moja na Akinyi?"

Hivyo ndivyo nilivyovuka reli, nimeshika sketi ya Mama Akinyi, naye ubao kichwani umefunikwa leso ya maua mekundu. Vijana walikuwa wameweka mawe na tairi. Mmoja, mwenye kofia ya sufu, akainua mkono.

"Mathee, umebeba nini?"

"Ubao wa chapati, kijana yangu."

"Chapati gani iko na kamba? Hebu shusha."

Mama Akinyi aliushusha. Alianza kusema nao kwa Kijaluo, haraka, akitaja majina ya mama zao, lakini yule wa kofia alikuwa ameshashika ncha ya leso na kuivuta. Jua likapiga ile ngozi, imevutwa pande zote kwa nyuzi, na viraka vya utumbo vinang'aa. Akanyoosha kidole akaigusa.

Sikukumbuka tena kwamba mimi ni Akinyi. "Usimguse!" nikapiga kelele, nikilia. "Ni mgonjwa! Ni ngozi ya babu yake Habuba! Baba amemshona na utumbo, hajapona!"

Yule kijana aliondoa kidole kama aliyeshika makaa. Akanitazama mimi, akatazama vinyweleo, akatazama viraka. Nyuma yake mtu akasema, "Wah!" na mwingine akarudi hatua mbili.

"Ni mtu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mama Akinyi hakusita hata kidogo. "Si umesikia mtoto?"

"Pitisheni hii kitu, mathee. Pitisheni haraka. Na usiniwekee mambo."

Akaifunika mwenyewe na leso, bila kuigusa tena, na wenzake wakasogeza tairi.

Mama Akinyi alijizuia mpaka Ngong Road. Alipowaona wazazi wangu aliuweka ubao kwenye nyasi, akakaa kando yake, akacheka hadi machozi, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaisha. Mama alimkumbatia. Alipoweza kusema alisimulia yote, na Baba akapiga magoti mbele yangu pale barabarani.

"Kamene, ulifikiri ni ngozi ya mtu?"

"Habuba alisema ni ngozi ya babu yake."

"Ni mali ya babu yake. Hii ni ngozi ya mbuzi, mama. Mbuzi tu. Zamani waliandika kwa ngozi ya mbuzi wakikosa karatasi."

Walicheka tena wote watatu, nami nikacheka kwa sababu walicheka. Kisha tukiwa njiani kuelekea Kawangware, nikimfuata Baba nyuma na ubao wake, nikaelewa. Mbuzi hana kiu. Kile kitu cha kahawia kilichotoka kwenye leso yangu hakikuwa uchafu. Sijui kama mlishawahi kutembea kilomita nyingi na jambo la namna hiyo mkiwa na miaka tisa. Sikusema kitu, siku ile wala siku zilizofuata.

Kawangware tulikaa watu tisa chumba kimoja. Ubao ulisimama ukutani, na mama mdogo, dada yake Mama, hakulalamika hata mara moja ingawa ulichukua nafasi ya mtu kulala. Baba aliendelea kukaza nyuzi. Gundi aliichemsha mwenyewe kutokana na vipande vya ngozi ya mbuzi, ndiyo iliyojaza chumba harufu ile ya unyevu. Mimi nilikaa mbali. Aliponiita nimshikie taa ya mafuta ili aone mpasuko, nilishika nikitazama pembeni.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono, barabara zikafunguka. Habuba alikuja Kawangware akiwa na Mama Akinyi na mwalimu wa madrasa, mzee mwembamba aliyezaliwa Kibera hiyohiyo. Baba alikuwa ameitoa ngozi kwenye vibanio na kuiweka juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa imenyooka. Si mpya, ilikuwa na makunyanzi ya moto upande mmoja, lakini ungeweza kuipitishia kiganja. Habuba aliitazama, akamshika Baba mkono, akashindwa kuuachia.

"Soma, mwalimu," akasema. "Leo wasikie shamba ni la nani."

Mwalimu alivaa miwani, akainama. Alisoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Dada," akasema, "hii si ya shamba. Ni ya ndoa."

Akaendelea, akitafsiri polepole. Askari fulani, na jina lake lilikuwa jina la babu yake Habuba, amemwoa mwanamke kwa mahari ya mbuzi sita, karatasi haikupatikana kambini, wakaandika kwenye ngozi ya mmoja wa mbuzi hao, mashahidi watatu. Habuba alikuwa amekaa wima kabisa. Miaka yote ile alisimama juu ya ngozi ile kama juu ya jiwe, na sasa jiwe limeondolewa.

"Mwanamke mwenyewe," mwalimu akasema, "ameitwa Zainabu."

"Ni nyanya yangu," akasema Habuba. "Alikufa sijazaliwa."

"Lakini kabla ya hilo ana jina lingine, silielewi. Wa-yu-wa. Si la Kiarabu, si la Kinubi. Labda mwandishi alikosea."

"Ni Wayua," nikasema mimi.

Wote waligeuka.

"Ni Wayua. Kama susu."

Susu ndiyo nyanya kwetu, na nyanya yangu wa Machakos aliitwa Wayua. Baba akasogea karibu na mwalimu. "Ni jina la Kikamba," akasema. "Yua ni njaa. Msichana akizaliwa wakati wa njaa kubwa anaitwa Wayua."

Mwalimu akainama tena. "Basi imenyooka. Wayua, wa Ukambani, binti ya..." Akasogeza miwani. "Hapa pamefutika. Maji yamebeba."

"Ni moto," Baba akasema kwa huruma. "Maji ya kuzima moto."

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo hakuna ambaye angejua. Lakini Habuba alikuwa amenyoosha kidole juu ya lile doa, bila kuligusa, kana kwamba angeweza kuhisi jina chini yake.

"Ni mimi, Habuba. Nilimpa maji. Baba alisema ana kiu."

Baba aliita jina langu kwa ukali. Habuba akamwinulia mkono anyamaze. Akanigeukia.

"Ulimpa babu yangu maji?"

"Ndiyo."

"Ya wapi? Maji si yalikuwa yameisha?"

"Ya kikombe changu."

Akanisogelea. "Na alikunywa?"

"Alikunywa," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Alinivuta akanilaza kwenye kifua chake kile cha karafuu, nikamsikia tumboni akianza kutikisika, na sikujua ni kicheko au kilio. Mama Akinyi alisema baadaye ni vyote.

Hatukurudi kuishi Kibera. Habuba alibaki kwenye ploti yake bila hati, kama alivyokuwa siku zote, tofauti ni kwamba sasa alijua. Likizo ya Agosti alimwambia Baba, "Nipeleke." Tukaenda Machakos, yeye, Baba na mimi. Susu wangu alikuwa kivulini mwa ghala akiambua mbaazi, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Baba alimsimulia kwa Kikamba habari yote, askari, ndoa, ngozi. Susu alisikiliza huku mikono ikifanya kazi. Mwishoni akauliza swali moja, nami nililielewa kabla Baba hajalitafsiri. Wayua huyo alikuwa binti ya nani, wa kwa nani?

"Jina la babake lilifutika," Baba akajibu. Nilijificha nyuma ya nguzo ya ghala.

Susu alimtazama Habuba kuanzia ukaya hadi viatu. Kwa Susu mgeni alikaa kwenye kiti cha mbao na kuletewa chai, hakugusa kazi yoyote. Kiti kilikuwepo. Susu hakukitazama. Alijisogeza kwenye mkeka, akasukuma ungo wa mbaazi katikati, akamwambia Baba maneno machache.

"Anasema mbaazi ni nyingi," Baba akatafsiri, "na wewe umekawia."

Habuba alivua viatu. Alikaa chini kwa shida, akashika ganda la kwanza, akalipasua vibaya, mbegu zikaruka, na Susu akamwonyesha kwa kidole gumba. Walishinda hivyo, kila mmoja akizungumza lugha yake, na magari ya kurudi Nairobi yakapungua. Baba alikwenda mara tatu kumwita.

"Ngoja, Fundi," Habuba akamwambia mara ya tatu, bila kuinua macho. "Huoni tuko na kazi?"